Jiko la Kifuniko



Mjomba, jipya la huku Chicago: nimeokota jiko. Mtu akilichoka jiko lake huku haliuzi kwa wanunua chuma chakavu. Analiacha kando ya barabara na karatasi iliyoandikwa "Bure".

Ni bakuli kubwa la chuma, miguu mitatu, juu kifuniko cha duara. Aina hii ilizaliwa hukuhuku mwaka 1952. George Stephen, aliyefanya kazi kwenye karakana ya maboya ya Ziwa Michigan, alichukua umbo la boya, akalikata katikati, akapata jiko. Angekuwa kwenye karakana za huko kwetu Gerezani tungemwita fundi tu. Huku akawa tajiri.

Langu lilijaa kutu. Ujira wa fundi huku unazidi bei ya jiko jipya, basi mliyemlipia ada asishike masizi kashika brashi ya waya. Ndani ya kifuniko kunaning'inia magamba meusi. Utasema rangi inabanduka, kumbe ni mafuta na moshi wa miaka vilivyogandana. Rangi yenyewe ni kioo kilichookwa juu ya chuma. Kutu huingia palipomeguka tu. Matundu ya hewa ya chini yaligoma kufunguka mpaka yalipolala ndani ya siki.

Mkaa nao! Unauzwa dukani pamoja na sukari, vipande vyote sawasawa, kwa kuwa ni unga ulioshindiliwa. Henry Ford, yule wa magari, aliutengeneza kwa mabaki ya mbao za kiwandani mwake. Ukishawaka unafunika nyama, unafungua matundu, hewa inajiendesha. Hakuna kupepea! Nami niliyekuwa nikijificha nyuma ya pipa la maji kila ukiniita nipepee mishikaki, sasa nasimama mikono mitupu, sijui niiweke wapi.

Kibarazani mkaa ni marufuku kwa kanuni za jengo, hivyo nyama nateremka nayo ngazi hadi uani, mbali na ukuta. Majirani wanapita, wanasifu harufu, wanaendelea na safari yao. Hapo Tandika moshi ungetosha kuwaita, wangefika na ndimu zao. Mimi nilichoma nyama ya watu sita kuila, kwa mazoea, nikaila yote kwa aibu.

Akipatikana mtu wa kuja huku, mpeni kipepeo cha ukili. Kazi hakina, lakini jirani wa kwanza atakayekaa nitamkabidhi, kisha nimgombeze kuwa ni mvivu.