Barua ya wazi kwa Bodi ya Filamu: Zinga tunaomba mkaguzi wa ladha

Mwenyekiti, Katibu Mtendaji na wajumbe wote,
Bodi ya Filamu Tanzania.

YAH: MAOMBI YA KULETEWA MKAGUZI WA LADHA, ZINGA, WILAYA YA BAGAMOYO

Waheshimiwa, tafadhalini husikeni na kichwa cha habari tajwa hapo juu.

Kwanza poleni na kazi. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, Namba 4 ya mwaka 1976, imewabebesha mzigo wa kutazama picha kabla yetu, kuipangia daraja na kusema nani ametimiza umri wa kuiona. Mtu anayekaa kutazama picha mbovu mpaka mwisho kwa niaba ya taifa anastahili posho ya mazingira magumu. Tatizo ni kwamba ninyi mnakagua umri, na huku kwetu watu hawajawahi kugombana kwa sababu ya umri. Wanagombania ladha, nayo haijapata mkaguzi.

Njooni jioni moja kwenye kibanda umiza, maana ndio ukumbi wa sinema tulio nao. Juu bati, ubavuni makuti, ndani mabenchi yasiyo na mgongo, na mbele runinga iliyofungiwa kwenye kizimba cha nondo isije ikatembea usiku. Nje kuna ubao wa chaki wenye ratiba ya siku, na chini yake imeandikwa kwa herufi kubwa: WATOTO HAWARUHUSIWI. Watoto wenyewe wamejaa benchi la mbele. Kiingilio ni shilingi 500, na ukifika picha ikiwa katikati unaweza kuongea na mwenye banda.

Saa mbili usiku kesi inaanza. Wavuvi waliorudi kutoka upande wa Mlingotini wanataka picha la mapigano, tena steringi asiwe mtu wa maneno mengi. Vijana wa bodaboda wanataka la Marekani lenye magari ya kuruka maghorofa. Mama muuza chapati, ambaye halipi kiingilio kwa kuwa ametoboa tundu lake mwenyewe kwenye makuti, anadai tamthilia ya Kituruki iendelee pale ilipokatikia umeme jana. Kijana mmoja aliyerudi likizo kutoka chuoni anaomba ya Kitanzania iliyoshinda tuzo. Wameshampa jina, wanamwita Bwana Tuzo. Na kuna mzee wetu wa miaka sabini na kitu, ambaye kila siku, kwa msimamo tu, anaomba Awaara ya Raj Kapoor.

"Mzee, Raj Kapoor si alishakufa?" dereva wa bodaboda anamuuliza.

"Na huyu wa kwenu je? Si anakufa mara tatu kwenye picha moja na bado anaendesha gari?"

Hoja ya mzee haijajibiwa mpaka leo. Naileta kwenu kwa hatua zaidi.

Mkaguzi mtakayemleta afahamu pia kwamba ana mpinzani mwenye mamlaka kuliko Bodi, naye ni mpira. Simba na Yanga wakikutana, au Ligi Kuu ya England ikiwa na mechi kubwa, picha zote hutolewa nje bila kusomewa shitaka. Kwa idadi ya picha zilizozuiwa kuonyeshwa hapa Zinga, ligi ya Waingereza imewapita kwa mbali, na haijawahi kukaa kikao hata kimoja.

Kuna jambo jingine la kisheria ambalo linaninyima usingizi. Picha nyingi hapa huja zimetafsiriwa. Mnamkumbuka Lufufu, yule Derek Mukandala, ambaye sauti yake peke yake ilikuwa mume, mke, jambazi, polisi na mbwa. Steringi wa Hong Kong anafungua mdomo na kuufunga; mtafsiri anaongea nusu dakika, anagusa kodi ya nyumba, anapita Manzese, anamtania shemeji yake, ndipo ngumi inatua. Sasa niwaulize, mnapoipa picha kama hiyo daraja, mnakagua aliyoyasema Mchina au aliyoyasema mtafsiri? Maana kwetu sisi ya Mchina ni maelezo ya ziada. Nimewahi kuona watu wakitoka nje kwa hasira kwa sababu picha ni ileile, lakini mtafsiri kabadilishwa.

Zamani wenye majumba ya sinema walikuwa na akili ya kumaliza kesi hizi kwa kalenda. Zanzibar, Tanga, Dar es Salaam, kila kundi lilikuwa na siku yake. Picha za Kihindi zilipewa familia nzima, babu hadi mjukuu. Zanzibar kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na mwanamume aliyetaka kujua kilichomliza mkewe alisubiri kusimuliwa nyumbani. Za kauboi ziliachiwa vijana, na miaka ya 1970 alipoingia Bruce Lee, kila kichochoro kikafungua chuo cha kung fu. Watu waliotofautiana ladha walipishana mlangoni, hawa wanatoka wanafuta machozi, wale wanaingia wanarusha mateke. Video ilipofika, kisha runinga ikaanza Tanzania Bara mwaka 1994, majumba mengi yakageuka maduka, maghala na nyumba za ibada.

Jirani yetu wa karibu katika historia hiyo ni ile Drive-In ya Msasani, iliyofunguliwa mwaka 1966 kwenye hii barabara ya zamani ya Bagamoyo. Leo kiwanja chake ni ubalozi wa Marekani, uliohamia hapo mwaka 2003 baada ya ule wa awali kulipuliwa mwaka 1998. Shughuli, hata hivyo, haijabadilika sana. Watu bado wanakwenda palepale na hadithi ndefu, wanakaa, wanasubiri, na mwishoni anatokea mkaguzi anayesema hadithi hii haijaniridhisha.

Mtaniambia sinema haijafa, ipo Mlimani City. Ni kweli, na ni nzuri, viti vyake vinameza mtu. Kutoka Zinga unapanda daladala hadi Mwenge, unakata tiketi, unanunua bisi kwa bei ya samaki mzima, picha inaisha saa nne na nusu usiku, na kuanzia hapo unakuwa wewe ndiye steringi, unatafuta usafiri wa kurudi.

Wenzenu wa mitandao ndio wametuletea dawa. Sasa kila mtu ana simu na bando lake, na ziko jioni ambazo kesi haifunguliwi kabisa. Mvuvi anatazama mapigano yake, mama chapati Waturuki wake, Bwana Tuzo tuzo zake, na mzee anawekewa Awaara na mjukuu. Mabenchi yanabaki na nafasi, na hakuna anayemjibu mwenzake. Bodi hongereni, ugomvi umepungua bila gharama kwa serikali. Ila nisaidieni kutafsiri sheria. Mtu akitazama picha peke yake chini ya shuka, hapo sina shaka, hayo ni mambo ya nyumbani. Je, mkewe akichungulia? Shemeji akisogeza kichwa? Jirani akiita "ongeza sauti" kutoka upande wa pili wa ukuta? Ni mtu wa ngapi anayeigeuza shuka kuwa ukumbi wa maonyesho unaohitaji leseni?

Nacheka, lakini jambo linauma. Mwezi Aprili 2017 wasanii wa Bongo Movie waliandamana Kariakoo kupinga picha za nje zinazouzwa kwa bei ya kutupa bila kulipa kodi. Mitandaoni watu wengi wakawajibu: tengenezeni kwanza picha nzuri. Kwa upande wa kodi nilikuwa na wasanii. Kwa upande wa hadithi nilikuwa na wateja. Ila wale wasanii na wale wateja walirushiana maneno kwa mbali, hawakuwahi kukaa benchi moja. Mtengeneza picha angejifunza mengi kwa kuketi nyuma ya mvuvi aliyechoka, amwone anapoanza kusinzia, na amwone anapoamka. Pale ndipo picha inapokaguliwa kwa kweli.

Mwaka 2021 Vuta N'kuvute ya Amil Shivji, iliyotokana na riwaya ya Adam Shafi, ilionyeshwa kwenye tamasha la Toronto. Ni fahari yetu, ila Toronto hakuna daladala kutoka hapa. Na Bagamoyo mjini, mwendo mfupi tu kutoka kwetu, ipo TaSUBa, taasisi ya sanaa inayofundisha vijana kutengeneza filamu. Picha zao kwenye ubao wetu wa chaki sijaziona. Tunazalisha wapishi, na chakula kinapita mlangoni kwetu kikielekea kwingine.

Msidhani sisi ni watu wasio na subira. Huku Zinga ndiko ilikopangwa kujengwa bandari kubwa ya Bagamoyo. Mkataba ulisainiwa mwaka 2013, jiwe la msingi likawekwa Oktoba 2015, mwaka 2019 ikasimamishwa, kisha mazungumzo yakafufuliwa. Trela tumeiona mara nyingi kuliko watu wote wa pwani hii, na bado hatujadai kurudishiwa kiingilio.

Kwa hiyo maombi yetu ni madogo. Vibanda vipewe leseni kwa ada ambayo mwenye banda anaweza kuilipa bila kuuza runinga, badala ya kukumbukwa siku ya msako tu. Picha mpya ya Kitanzania ipitishwe vibandani usiku mmoja kabla haijaishia kwenye simu, na mgawo wa kiingilio umfikie aliyeitengeneza, hata kama ni mia mia. Wanafunzi wa TaSUBa waletwe na kazi zao. Wakizomewa hiyo ni sehemu ya mtihani. Siku ya wanawake peke yao irudi, na mama chapati ameahidi kwamba siku hiyo atalipa kiingilio.

Kuhusu mkaguzi wa ladha, mkimpata, asije na daraja lake mfukoni. Akae benchi la nyuma kwa usiku mzima bila kujitambulisha, na akiulizwa anataka picha gani aseme, ajibiwe kama wengine.

Naomba kuwasilisha.

Mkazi wa Zinga

Nakala: Mwenye banda, ili siku mkaguzi akija asipandishe kiingilio.