Sifa za Injini Inayozimika Angani

Vyombo vingi vimetungiwa mashairi katika lugha hii, jahazi likiwa mbele, na siku hizi hata bodaboda imepata wa kuiimbia. Injini ya helikopta ndogo ya rimoti imeachwa nje, nayo ni dhuluma inayopaswa kuondolewa. Nasema ile inayokunywa mafuta, si ya betri: ujazo wa sentimita 8 za ujazo hivi, usiojaza vijiko viwili vya chai, nayo huzunguka kiasi cha mara 16,000 kwa dakika ili mapanga ya juu yazunguke 1,900. Kinywaji chake ni methanoli iliyotiwa nitromethani na mafuta ya kulainisha, pengine ya mbarika, yale yale ambayo wazee wetu waliyanywa kufungua tumbo. Fadhila zake ndogo hazihitaji maelezo. Humkinga mwenyewe asilimbikize mali. Humpaka suruali mafuta bila kumtoza senti. Huwaamsha majirani Jumapili asubuhi. Na ikishika moto, methanoli huungua kwa mwali usioonekana vizuri mchana, hivyo mwenye mali huepushiwa uchungu wa kutazama.

Lakini fadhila iliyo kuu ni kutunza siri. Mpira wa mafuta una tundu la sindano ya kushonea, injini huzimika. Mpira ulio ndani ya tangi, ule wenye kichwa kizito cha kufuata mafuta yanakokwenda, umekakamaa na kugota pembeni, injini huzimika. Mtikisiko umeyapiga mafuta mpaka yakafanya povu. Beringi ya mbele imechakaa na kuvuta hewa. Kipira kinachopeleka shinikizo la ekzosi kwenye tangi kimepasuka. Methanoli iliyoachwa wazi imefyonza unyevu hewani. Plagi, isiyotoa cheche bali yenye kisokoto cha platini kinachotiwa joto na betri wakati wa kuwasha kisha kikaendelea kuwaka chenyewe, imechoka: kwa yote hayo tangazo ni moja, ukimya, tena kwa kawaida helikopta ikiwa inapanda. Balozi gani amewahi kufikia uficho wa namna hii? Waziri gani? Ingefaa tuikabidhi mitihani ya taifa, maana isingevuja kamwe, ingawa yenyewe huvuja kila mahali pengine. Na kuna ukarimu ndani ya siri hiyo. Mafuta yanapoanza kupungua mno, injini haikunji uso. Hupata nguvu, hulia kwa sauti kali na tamu, moshi hupungua ukapendeza, na mwenyewe chini hutabasamu akidhani leo imekaa sawa. Joto likishapita kiasi, hunyamaza. Rubani wa ardhini hubakiwa na sekunde chache za kuishusha kwa mapanga yanayozungushwa na upepo wa kuporomoka kwake, muda ambao hautoshi hata kwa dua ndefu.

Mtu makini atapinga kwamba injini haina siri yoyote, ila haijaulizwa. Naye ana haki. Bana mpira wa mafuta kwa vidole injini ikiwa katika mwendo wa chini na mapanga yametulia: mlio ukipanda kwanza ndipo izimike, mafuta yalikuwa mengi, ikizimika papo hapo, yalikuwa machache. Zamisha tangi katika beseni la maji, ziba matundu yake, puliza kwa mpira mmoja. Mapovu yatakuonyesha ufa kwa unyofu ambao mashahidi wengi hawana. Badili plagi peke yake, usiguse kingine, uone. Kazi hizi ni za dakika chache, hazitaki shahada wala mashine. Basi kwa nini hazifanywi? Hapa sifa zangu zinakwama kooni, kwa sababu kila injini inayozimika huzungukwa na watu, na wote, bila kuuliza mafuta yamekaa muda gani wala tangi lilifunguliwa lini, hunyoosha mkono kwenye sindano ya kabureta. Punguza kidogo. Ongeza kidogo. Rudisha. Wangeulizwa ni kwa nini sindano, wangekosa jibu. Jibu ni kwamba sindano iko nje. Ina kishikio. Ukiizungusha hulia tik tik, na aliyezungusha huonekana amefanya jambo. Mpira uliopasuka ndani ya tangi hauna kishikio, hivyo haulaumiwi. Sindano kazi yake ni kupima mafuta yanayoifikia. Yakifika yamechanganyika na hewa, kuifungua zaidi ni kuagiza povu zaidi. Pengine injini itachangamka kidogo, mshauri atapigiwa makofi, kisha itazimika tena, na sasa makosa ni mawili: tundu la jana, na kipimo cha sindano kilichopotea ambacho hakuna aliyekiandika.

Nakubali kwamba kuna siku sindano ndiyo yenye hatia. Helikopta iliyopangwa vizuri Dar es Salaam, usawa wa bahari, ikipelekwa Nairobi kwenye mwinuko wa mita 1,700 hivi, itakuta hewa pungufu kwa karibu moja ya sita, na mafuta yaliyotosha pwani yatazidi huko juu. Methanoli nayo ni mlevi: kilo moja huhitaji takriban kilo 6.5 za hewa, petroli 14.7, kwa hiyo kinachopita kwenye sindano ni kingi na kosa dogo la kuizungusha huonekana upesi. Lakini huyo anayeizungusha kwa sababu ya mwinuko anaweza kutaja mwinuko. Ana sababu kabla ya kuwa na bisibisi. Wengine watasema yaacheni yote haya, nunueni ya betri, na kweli wengi wamehamia huko wakapumzika na moshi. Washauri wamehamia pia. Helikopta ikigoma kupaa, wanasema badili betri.

Nikifika hapa naona nimeisifu injini kupita kiasi cha kosa lake, na kwamba hasira yangu ina wenyewe. Chukua maji ya bomba. Nchini Kenya ripoti za mdhibiti wa huduma za maji zimeonyesha kwa miaka mingi kwamba zaidi ya asilimia 40 ya maji yanayozalishwa hayalipiwi: mengine huvuja ardhini, mengine huibwa, mengine hayapimwi. Mabomba yanayovuja yamefukiwa. Meneja hajafukiwa, yuko ofisini, ana kishikio, na akizungushwa hulia tik tik magazetini. Basi huhamishwa, anakuja mwingine, bei inapanda, nembo inapakwa rangi mpya, na chini ya barabara maji yanaendelea na safari zao. Shule ikifeli, mwalimu mkuu huhamishwa kabla mtu hajahesabu madawati na vitabu. Atasema mtu kwamba uongozi mbaya huvunja taasisi kweli, na kumwondoa mkosaji ni haki. Ndiyo, kama bomba lilibanwa kwanza kwa vidole, ikajulikana kwamba tatizo ni yeye. Tofauti ni kwamba helikopta hushuka na kila mtu akaona. Bodi ya maji haishuki. Inaweza kuelea miaka 10 kwa taarifa za robo mwaka injini ikiwa imezimika kitambo, huku chini yake watu wakijipanga na madumu, na Jumatatu sindano mpya ikikaribishwa ofisini kwa keki.