Mpeleke Mzee Akapulize

Umeteuliwa. Kikao cha familia kimeketi chini ya mwembe, kikatazama nani ana simu ya kupangusa na nani hana kazi ya kuajiriwa, na jina lako likapita bila kupingwa. Utampeleka mzee kwa daktari wa mapafu akapimwe pumzi. Mzee ana ALS, maradhi yanayoua neva zinazoamrisha misuli. Yalianza mkononi, jembe likawa linamponyoka. Yakashuka mguuni, yakapanda ulimini, na sasa yamefika kwenye kiwambo, ule msuli mpana chini ya mapafu unaovuta hewa. Mapafu yenyewe ni mazima. Likariri hilo, maana utalisema kwa kila aliyevaa koti jeupe kuanzia Marereni hadi Nairobi. Hakuna atakayeliandika.

Kabla ya kuondoka, pokea ushauri. Ami yako atasema aonwe mganga kwanza: mganga hana foleni, hataki barua ya rufaa, na humwacha mgonjwa aseme mpaka amalize. Kwa hayo matatu huna jibu, kwa hiyo usijaribu. Lakini mazungumzo yakigeukia ni nani aliyemroga, inuka ukachemshe chai. Kilifi hii wazee wameuawa kwa kosa la kuwa na mvi. Binamu aliye Nairobi naye atatuma kwenye grupu la familia picha ya Stephen Hawking, aliyeambiwa ana ugonjwa huu mwaka 1963 akiwa na miaka 21, akaishi hadi 2018. Jibu "Amina". Usiulize Hawking alikuwa na wauguzi wangapi, wala kama stima ya Cambridge hupotea. Ukiuliza, mchango wa matibabu utasimama.

Sasa jina la ugonjwa. Usilitaje kwa urefu wake. Jean-Martin Charcot, daktari wa Paris aliyeueleza mwaka 1869, hakuwa na watu themanini nyuma yake kwenye dirisha la usajili. Sema "ALS", herufi moja moja. Karani ataandika "asma", kwa kuwa asma anaijua na yenyewe huenda kwa daktari huyo huyo. Mwambie kwa upole, "Samahani dada, si asma." Atakubali, atalikata neno kwa mstari mmoja mwembamba, na kuliacha lisomeke vizuri. Ukimkuta mzee ameandikiwa dawa ya kuvuta kwa mdomo, usishangae mbele za watu.

Tafuta barua ya rufaa. Serikali imezipanga hospitali kwa ngazi: zahanati ni ya 2, kituo cha afya ni ya 3, hospitali ya kaunti ndogo ni ya 4, ya rufaa ya kaunti ni ya 5, ya taifa ni ya 6. Daktari wa mapafu hupatikana huko juu. Kila ngazi inataka barua ya iliyo chini yake, barua inataka muhuri, muhuri una mwenyewe, na mwenyewe ametoka kidogo. Mzee asiyeweza tena kupanda kizingiti cha nyumba yake atazipanda hizi zote. Toa nakala tatu za kila karatasi. Itakayotakiwa ni ya nne.

Hakikisha bima iko sawa. Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF iliondoka ikaja SHA, na asiye na mshahara hukadiriwa mapato yake kwa kuulizwa maswali: nyumba ya nini, paa la nini, choo cha namna gani. Jibu ukweli, makuti ni makuti. Kima cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, lakini mwezi wenyewe unalipiwa kwa mwaka mzima. Hospitalini mzee atathibitishwa kwa kidole, au kwa nambari ya siri inayotumwa kwa simu. Simu aliyosajiliwa nayo ni ya shemeji aliyehamia Mtwapa, ambaye hapokei nambari asizozijua. Kimbilia kidole, basi. Inua mkono wa mzee wewe mwenyewe, maana hauinuki, ukibonyeze kidole kwenye kioo. Mzee alifanya kazi ya chumvi Marereni ujana wake wote, na chumvi ilishakula alama zilizokuwa pale. Rudi kwa shemeji.

Safari yenyewe ni nyepesi kuieleza. Mzee akae mbele, na shingo yake uifunge kwa leso kwenye kiti, kwa sababu misuli ya shingo nayo imo kwenye orodha. Boda boda isahau. Mtakapopita njia panda ya Ngomeni, muonyeshe upande wa baharini: huko, tarehe 12 Desemba 1970, kutoka jukwaa la Waitaliano, ilirushwa setilaiti iliyoitwa Uhuru, ya kwanza duniani kutumwa kwa kazi moja tu ya kutafuta eksirei zitokazo kwenye nyota. Sisi watu wa Magarini tumesaidia kupiga picha mbingu. Picha ya kifua twende Malindi. Mkishavuka mto Sabaki, abiria mmoja mwenye huruma ataona mzee anahema na kusema, "Mlazeni jamani apumzike." Usimlaze. Akilala chali, matumbo huja juu na kukisukuma kiwambo kisicho na nguvu, na pumzi iliyobaki hupungua papo hapo. Eleza hivyo kwa utaratibu. Utamaliza kueleza kiti kikiwa kimeshalazwa.

Kwenye benchi la kungojea, jifunze sheria ambayo haikubandikwa ukutani: mgonjwa asiyesema vizuri hasemeshwi. Ulimi wa mzee umelegea, maneno yanatoka yamevimba, na ni saa mbili asubuhi, kwa hiyo aliye karibu atavuta hewa kidogo kunusa kama ni mnazi. Muuguzi atakuuliza wewe: "Anakula? Anaenda choo? Ameoa?" Mzee anasikia kila kitu, akili yake iko palepale ilipokuwa alipokuwa nyapara. Mgeukie umuulize yeye, usubiri ajibu, hata foleni ikiguna. Fanya hivyo mara ya kwanza na ya pili. Swali la tatu utalijibu mwenyewe, tena kuhusu usingizi wake, na wewe unalala nyumba nyingine.

Ataanza kwa kutuhumiwa kifua kikuu. Simlaumu mtu kwa hilo. Kifua kikuu kipo, kinaua, na kinatibika, na anayehema Pwani hii ni haki akipimwa. Basi mzee atapewa kikopo atoe makohozi. Kukohoa kunataka misuli ya tumbo, ya mbavu na ya koo ikaze kwa pamoja, na hiyo ndiyo misuli tuliyokuja kuisemea. Mtarudi na kikopo chenye mate. Mtaambiwa mate hayafai. Kisha kidole kitabanwa na kile kidude kilichoenea wakati wa Korona, kisome oksijeni 97, na mtu atatabasamu: "Mbona yuko sawa!" Oksijeni ya mchana, mtu akiwa ameketi macho, huwa ya mwisho kuharibika. Kinachojaa mapema ni hewa chafu ya kaboni, usiku, na kidude hicho hakiioni. Tabasamu nawe.

Hatimaye chumba cha kupuliza. Hapa ongeza umakini, kwa maana hapa ndipo mtakapofeli.

Mashine inaitwa spiromita. Inapima hewa mtu anayoweza kuitoa akiwa ameshavuta mpaka mwisho, halafu inalinganisha na hewa ambayo mtu mzima wa afya, mwenye umri wake, jinsia yake na kimo chake, angetoa. Kwa hiyo watataka umri. Kitambulisho cha mzee kina mwaka bila tarehe wala mwezi. Mama yake alisema tu kwamba alizaliwa mwaka wa mafuriko makubwa, yaani 1961. Mashine haikubali mafuriko. Watataka kimo. "Simama hapa baba." Hasimami. Basi kuna kanuni nzuri ya kupima upana wa mikono iliyonyooshwa pande mbili, ambayo imewafaa wengi ambao mikono yao inanyooka. Mashine zinazotumia hesabu za mwaka 2012 zitauliza na asili yake, na kwenye orodha yumo Mzungu, yumo Mwamerika mweusi, wamo watu wa Asia ya kaskazini mashariki na ya kusini mashariki, halafu kuna "wengineo". Mgiriama ni wengineo. Bonyeza.

Atabanwa pua. Atatiwa mrija mdomoni, na ataamriwa kwa sauti ya kuchochea ngoma: "Vuta, vuta, vuta! Haya puliza! Endelea, endelea, usikate!" Midomo ya mzee haikazi, hewa inapita pembeni ya mrija, na mashine inahesabu ile tu iliyopita ndani. Omba barakoa ya kufunika mdomo na pua badala ya mrija. Ni ombi la halali na ukilitamka utaonekana mjuaji. Sheria inataka mapulizo matatu yaliyofanywa vizuri, na mawili yaliyo bora yasipishane zaidi ya mililita 150. Asipofikia, hurudia, hata mara nane. Mgonjwa wa misuli kila akirudia huchoka, na kila akichoka hupishana zaidi na pulizo lake la kwanza. Ili kuthibitisha kwamba huna pumzi, unahitaji kuwa nayo ya kutosha kushindwa vizuri, mara tatu, kwa kiwango kilekile. Jaribio lenyewe hupewa alama, kuanzia A. Mtihani wa KCSE huishia E. Mashine hii inakwenda mpaka F.

Sasa omba apulizie akiwa amelala. Najua nilikwambia usimlaze. Hapa ndipo pekee anapolazwa kwa makusudi, kwa muda mfupi, kwa sababu pumzi inayoshuka sana mtu akilala ndiyo inayokishitaki kiwambo. Wengine wanacho na kipimo cha kunusa kwa nguvu kupitia tundu moja la pua, kizuri kwa asiyeweza kubana mdomo. Utajibiwa kwamba kitanda kiko chumba kingine na ufunguo wa chumba hicho uko kwa mtu. Ulishakutana naye, ndiye mwenye muhuri.

Kwa daktari mtakaa dakika chache, hivyo usizitumie kusimulia tangu jembe. Mpe mambo manne. Analala na mito mingapi, na je, siku hizi analala kitini? Anaamka kichwa kikimuuma? Anasinzia mchana katikati ya maneno ya watu? Na la nne: akivuta pumzi moja na kuhesabu kwa sauti, anafika ngapi? Hili la kuhesabu lifanyeni nyumbani kila Ijumaa, mwandike kwenye daftari, mumlinganishe na yeye mwenyewe wa mwezi uliopita. Halina stima, halina barua, halina ngazi, na mtoto wa darasa la nne anaweza kulifanya Marereni. Kama alikuwa anafika 25 na sasa anakwama 12, hakuna mashine itakayomwambia daktari jambo la haraka kuliko hilo. Daftari utakuwa umelisahau nyumbani.

Majibu yakitoka, tazama asilimia. Chini ya 50 ya kinachotarajiwa, nchi nyingi zilishaanza kumpa mtu mashine ya kumsaidia kupumua usiku kwa barakoa, na kama analala vibaya hazingoji hata hiyo 50. Mashine hiyo si mzaha: utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2006 ulikuta kwamba, kwa wale ambao misuli ya koo haijaharibika sana, iliongeza maisha kwa siku 205 kwa kipimo cha kati. Dawa ya riluzole, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995, huongeza kama miezi miwili mitatu. Lakini yupo atakayeona bei ya mashine na kushauri mtungi wa oksijeni, kwa kuwa upo na unaeleweka. Kataa kwa adabu mpaka daktari aangalie kaboni kwenye damu. Oksijeni peke yake yaweza kuubembeleza mwili uache kuhema, na hewa chafu ijae akiwa amelala usingizi mzuri. Wageni wataisifia rangi yake.

Mkiipata mashine, ulizeni betri. Barakoa inataka stima usiku kucha, na tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea nchi nzima hata uwanja wa ndege wa Jomo Kenyatta ukakaa gizani. Marereni haina jenereta ya uwanja wa ndege. Nunueni paneli ya sola kabla ya kulipia mashine, mkiweza, na mchague mtu wa kuamka usiku. Ataamka wiki ya kwanza.

Jambo la mwisho nalo ni dogo. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 kuhusu ugonjwa huu unataka pumzi ipimwe tena kila baada ya miezi miwili hadi mitatu. Barua ya rufaa itakuwa imeisha muda. Anza kuchanga nauli leo.