Nani Amemaliza Karatasi ya Chooni?

Mbegu ya karoti haikuumbwa kwa ajili ya kiumbe mwenye vidole. Gramu moja, ambayo ukiimwaga kiganjani husikii hata uzito, ina mbegu kama 700 au 800. Halafu nyuma ya pakiti wameandika, kwa herufi ndogo kuliko mbegu zenyewe: panda kwa nafasi ya sentimita 5. Nani apande? Kwa mkono upi? Aliyeandika maneno hayo naamini alikuwa ofisini, kiti kinazunguka, feni inampepea, na karoti amewahi kukutana nayo kwenye kachumbari tu.

Mahindi ni mmea wenye adabu. Unachimba shimo, unatia punje mbili, unafukia kwa mguu huku unaendelea na maongezi. Maharage hali kadhalika. Hata nyanya na kabichi, pamoja na udogo wa mbegu zake, zinakubali kulelewa kitaluni kisha zikahamishiwa shambani bila kinyongo. Karoti haitaki kuhamishwa. Ukiing'oa ikiwa mche ukaipeleka kwingine, mzizi mkuu unaumia ncha, nayo kwa kisirani inaotesha mizizi miwili badala ya mmoja. Siku ya kuvuna unavuta kutoka ardhini kitu kilichovaa suruali. Kwa hiyo lazima ipandwe palepale itakapokulia. Hapo ndipo taabu zote zinapoanzia.

Huku kwetu Arusha, ambako baridi na udongo wa Mlima Meru vinaipenda karoti, utaratibu unajulikana. Unachora mfereji kwenye tuta, unabana mbegu kati ya kidole gumba na cha shahada, unanyunyiza huku ukimwomba Mungu. Mungu anasikia, lakini kwa namna yake. Hapa zinaanguka arobaini kwa pamoja, mbele yake mtu mzima anaweza kulala asiguse mche. Zikishaota, inakuja kazi ya kupunguzia. Unainama asubuhi, unang'oa mche mmoja mmoja ili iliyobaki ipate nafasi, na kila unapong'oa mmoja unamtikisa jirani yake. Hebu fikiria: mbegu umezinunua duka la pembejeo, umezipanda, umezimwagilia wiki tatu, halafu unaamka alfajiri kwenda kuziua. Aliyesema haba na haba hujaza kibaba hakuwahi kupewa mbegu za karoti azipange moja moja.

Jirani yangu, mzee mstaafu ambaye uzio wetu ndio kibaraza chake, anaona haya yote ni deko. "Kijana," ananiambia, nami mvi zimeshanijaa, "chukua mbegu, changanya na mchanga mkavu, rusha, funika, nenda kanywe chai." Simpingi kuhusu mchanga. Mchanga unazitawanya mbegu, zisidondoke kwa bonge, na bwana shamba yeyote atakwambia hivyo. Ila kutawanya si kupanga nafasi. Karoti za mzee zinaota zimebanana, hazipunguzii, na anapozivuna hazizidi unene wa kidole cha mwisho. Ukimuuliza, anasema hizo ndizo zinazopendwa na hoteli za kitalii. Sijawahi kuona gari la hoteli hizo likisimama pale kwake.

Ndiyo maana nimekimbilia utepe wa mbegu. Ulaya na Marekani unauzwa dukani ukiwa tayari, mbegu zimeshabandikwa kwenye ukanda wa karatasi kwa nafasi zake, wewe kazi yako ni kulaza na kufukia. Wengine wanazivalisha mbegu koti la udongo wa mfinyanzi zinenepe, zishikike. Nilipomuuliza muuzaji wetu wa pembejeo kama anao utepe, alinishushia kamba za kufungia nyanya. Basi nautengeneza nyumbani, kwa karatasi ya chooni na unga wa ngano, na kwa ajili ya vitu hivyo viwili nimegeuzwa mtuhumiwa wa kudumu katika nyumba yangu mwenyewe.

Unga kwanza. Kinachotakiwa ni vijiko viwili vitatu, vikorogwe na maji mpaka viwe gundi isiyotiririka. Hata andazi moja halitoki humo. Lakini siku ya chapati, unga ukipelea, hakuna anayesema bei imepanda wala waliokula wameongezeka. Wanasema, "Baba amepanda karoti."

Karatasi ndiyo kesi kubwa. Na nataka msomaji uwe hakimu. Tuta langu lina urefu wa mita 3 na mistari minne. Kwa nafasi ya sentimita 5, kila mstari una nukta 60, tuta zima nukta 240. Mistari minne ya mita 3 ni mita 12 za utepe. Lakini karatasi ya chooni ina upana wa sentimita 10 hivi, nami naikata kwa urefu nipate kanda tatu. Gawanya. Tuta zima limekula mita 4 za karatasi! Mita 4 ni matumizi ya mtoto mmoja mwenye mafua, Jumamosi moja. Lakini roli ikiisha, nani anaitwa? Mama watoto anasimama mlangoni na lile boksi la katikati mkononi, haongei, ananitazama tu. Hesabu nimemwandikia, nikaibandika ukutani kulekule chooni. Ilitumika.

Nao wauzaji wa karatasi wananichanganya. Zile nene, zenye tabaka mbili na marashi ya waridi, hazifai: zinachelewa kuoza na chipukizi linapata shida kupenya. Inayofaa ni ile nyembamba ya tabaka moja, ileile tunayoilalamikia kwa shughuli yake halali. Hiyo ukiigusa na gundi iliyozidi kidogo tu, inachanika. Unatakiwa uweke nukta ndogo kwa njiti ya meno, njiti hiyohiyo uilambishe gundi, uokote nayo mbegu moja, mbili kama mbegu ni za zamani, uitue juu ya nukta, kisha ukunje ukanda ufunike. Ukifanya hivyo mara 240, macho yanaanza kuona mbegu hata kwenye ukuta.

Najua unachosubiri. Unasubiri nikwambie kwamba mgeni aliingia chooni akatumia utepe wenye mbegu. Hakuutumia. Kilichotokea ni kibaya zaidi: alikaa akanisaidia. Shemeji yangu alikuja kutusalimia, akaona mezani pamekucha, akavuta kiti. Nilimwambia mbegu moja kila nukta. Akasema, "Shemeji, usiwe bahili." Akawa anaweka nne, tano, kama sadaka. Kisha akaona joto, akawasha feni. Mwenye mbegu 700 zenye uzito wa gramu moja mezani anajua kilichofuata. Tuliokota karoti chini ya kochi, kwenye zulia, na nyingine nadhani alirudi nazo kwao kwenye kanzu.

Kukausha nako kuna masharti. Utepe lazima ukauke siku hiyohiyo, kivulini, penye hewa. Ukibaki na unyevu, mbegu inadhani mvua imeanza, inaanza kuamka; ukija kukauka baadaye, inakufa na safari yake. Lakini tandaza kitu chenye unga ndani ya nyumba ya Kitanzania uone sisimizi watakavyopeana habari. Ukikauka, viringisha kwenye lile boksi la katikati ya roli, andika aina na tarehe, tia kwenye kopo lenye mfuniko. Kuandika ni muhimu. Utepe wa karoti na wa vitunguu ukishakunjwa, hata malaika hawezi kuutofautisha.

Shambani mambo ni mepesi, na hapa sina budi kusema ukweli ingawa safu hii si ya kusifu. Unachora mfereji wa kina cha sentimita 1, unaulowesha kwanza, unalaza utepe, unafunika kwa udongo laini, unanyunyizia taratibu. Sharti moja: karatasi isichungulie. Ncha ikibaki nje inavuta maji kutoka chini kama utambi wa taa, upepo unayakausha, na mbegu inabaki na kiu. Karoti inachukua wiki moja mpaka tatu kuota, na muda wote huo udongo usikauke juu ukafanya ganda. Tandaza majani makavu, uyaondoe zikishachomoza.

Sharti jingine halikuandikwa kwenye pakiti: kuku. Kuku akivamia tuta la mzee jirani, anakula mbegu chache, anaridhika, anaondoka. Akivamia tuta la utepe akaipata ncha, anaondoka na mstari mzima. Nimemwona jogoo akipita mbele ya dirisha na karoti zangu za Machi na Aprili zikimburuzika nyuma, mwendo wa bwana harusi. Kuku ni wa mzee. Mzee akasema, "Mchanga haubebeki."

Karoti zilizosalia zimeota kwa mstari, kila moja na nafasi yake, na za kupunguzia hazijai mkono. Unadhani yupo aliyeniambia hongera? Zimekunwa kwenye kachumbari, zimeingia kwenye pilau, watoto wamezitoa pembeni ya sahani. Hakuna anayekula karoti akauliza ilikaa sentimita ngapi kutoka kwa mwenzake.

Hukumu yangu ni hii. Kwa karoti kwenye matuta ya nyuma ya jiko, tengeneza utepe. Kwa mchicha usijisumbue. Gramu moja ina mbegu zaidi ya 1,000, na mchicha hata ukibanana unaung'oa mdogomdogo ukapika, kwa hiyo mfuate mzee na mchanga wake. Kwa ekari nzima usithubutu, utamaliza duka la karatasi na macho yako pamoja nalo. Nunua roli yako mwenyewe, ihifadhi stoo pamoja na majembe, na shemeji akija mpe gazeti asome. Kazi ya karoti haipungui hata ufanyeje; unachochagua ni kuifanya umeinama au umekaa. Mwenye mgongo wa umri wangu, na akae.