Barua ya wazi kwa Waziri wa Hidrokaboni: ombi la kuunganishiwa gesi, Butembo

Mheshimiwa Waziri,

Mimi mkaaji wa Bulengera, mjini Butembo, naomba niandikwe katika daftari la wateja wa gesi asilia. Jiko ninalo: mbabula ya bati, imetoboka chini, ila fundi ameahidi kuishughulikia siku bomba litakapofika.

Si adabu kuomba bila kueleza tunavyohudumiwa sasa. Mtandao wetu wa usambazaji ni chukudu, ile baiskeli ya mbao. Gunia la makala linashuka toka vilima vya Lubero, kijana mmoja anaongoza, mwenzake anasukuma, na kila kizuizi cha njiani kinasoma mita kwa namna yake. Kwa ndugu zetu wa Beni huduma hukatika siku ambayo waliokwenda porini kuchoma makala hawakurudi. Siku hiyo hakuna anayelalamikia bei.

Wenye uwezo wana gesi ya chupa. Inashuka kwenye bandari za Bahari ya Hindi, inapita Uganda, inavuka Kasindi, ndipo inatufikia, imesafiri kuliko wengi wetu. Hiyo ni propani na butani. Ya kwetu ni metani, nayo haikubali kuingia chupani kirahisi. Nadhani ndiyo sababu imeachwa ipumzike.

Maana gesi yenyewe ipo. Katika kilindi cha Ziwa Kivu inakadiriwa kuna metani ya kilomita za ujazo 60. Kuitoa kunafanana na kufungua chupa ya bia ya Primus: unateremsha bomba mita mia tatu na zaidi, maji ya kilindini yanapanda, mgandamizo unapungua, mapovu yanatoka yenyewe. Majirani wa Rwanda waliitumia katika kiwanda cha bia cha Gisenyi tangu miaka ya 1960, na tangu 2016 kituo chao cha KivuWatt kinazalisha umeme wa megawati 26. Ziwa ni moja, Mheshimiwa. Labda mapovu ya upande wetu yanangoja saini.

Lakini saini nazo hazikukosekana. Julai 2022 Kinshasa ilitangaza mnada wa vitalu 30: 27 vya mafuta na 3 vya gesi ya Kivu. Januari 2023 washindi wa gesi wakatajwa, kampuni mbili za Marekani na moja ya Kanada. Ile ya Kanada ina jina tamu la Kiswahili, Alfajiri. Oktoba 2024 mnada wa mafuta ukafutwa. Sisi wa gesi tukabaki na Alfajiri, na bado tunangoja kuche.

Wakati huohuo kule Muanda, kwenye visima vya mafuta, gesi inachomwa hewani. Kwa hiyo nchi moja inachoma gesi ili itoweke, na huku kwetu inachoma msitu ili maharagi yaive. Sikusoma uchumi, labda ndiyo hesabu yenyewe.

Najua pia kwamba tangu Goma iingie mikononi mwa waasi wa M23, Januari 2025, kumwuliza Waziri habari za gesi ya Kivu ni kama kumwuliza mtu mavuno ya shamba analolilia. Silaumu hilo. Nauliza tu ile miaka ya kabla, ziwa lilipokuwa mikononi mwetu, nani alikuwa anashika ufunguo.

Wala siombi makubwa. Bomba halitatoka ziwani likapanda Kanyabayonga na kushuka Lubero, karibu kilomita 300, kwa ajili ya sufuria yangu. Gesi ikigeuzwa umeme hukohuko ziwani na kunifikia kwa waya, nitapokea. Hata hilo likichelewa, naomba angalau namba ya faili, nipate cha kumwonyesha muuza makala anapopandisha bei.

Nipelekeeni jibu kwa chukudu. Hiyo hufika.

Mteja wenu mtarajiwa,
Bulengera, Butembo