Barua ya Wazi kwa Afande wa Suruali Nyeupe

Kwa Afande Mkaguzi wa Magari,
Popote ulipo kati ya Tinde na Katoro.

YAH: MAOMBI YA OVAROLI MOJA YA BULUU

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni dereva wa tipa, Scania ya miaka ya tisini. Nabeba mawe ya dhahabu kutoka machimboni kupeleka kwenye makarasha yanakosagwa, na marudio, yaani mchanga uliobaki baada ya kuoshwa, kutoka huko, huku Geita na Kahama. Gari unalifahamu. Umelisimamisha mara nyingi na kila mara umelikuta salama: pembetatu zipo, mtungi wa kuzimia moto upo, boksi la huduma ya kwanza lipo (panadol tulishazimeza), na stika ya Nenda kwa Usalama imekaa kiooni bila mkunjo. Ukalizunguka, ukapiga tairi teke, ukaniambia taa ya kibao cha nyuma haiwaki. Kweli haiwaki. Ahsante.

Breki hujawahi kuniuliza, na wala sikulaumu. Breki za lori ziko uvunguni, nawe umevikwa nyeupe kuanzia kofia hadi suruali. Aliyeichagua rangi hiyo kwa mtu wa kusimama kwenye vumbi la Shinyanga kutwa nzima, bila shaka alishajua kwamba hutainama. Ndiyo maana naomba Serikali ikupatie ovaroli, tochi, kipande cha chaki na gunia la kulalia.

Ukishalala chini, kwenye kila gurudumu utaona kopo la chuma. Hiyo ndiyo busta. Ninapokanyaga pedali, upepo unatoka kwenye matenki unaingia humo, unasukuma daiframu ya mpira, daiframu inasukuma fimbo, fimbo inazungusha mkono wa slaki, yaani kikaza breki, na gurudumu linabanwa. Piga alama ya chaki pale fimbo inapotokea kwenye kopo, kisha niambie nikanyage. Kwa busta kubwa zilizozoeleka kwenye malori, fimbo ikitoka zaidi ya sentimita 5 ujue slaki imelegea, na gurudumu hilo lipo kwa ajili ya kubeba mzigo tu. Kuikaza ni kazi ya spana moja na mtu mwenye nia.

Magurudumu ya nyuma yana busta ndefu zaidi, zenye vyumba viwili. Hapo naomba utulie, maana ndipo penye akili yote. Chumba cha pili kina springi nene iliyokandamizwa kwa nguvu inayokaribia tani nzima. Kinachoizuia isifyatuke ni upepo. Upepo ukiisha, kwa hosi kupasuka au kompresa kuchoka, springi inajiachia na kubana magurudumu yenyewe, dereva atake asitake. Wazo hilo ni la siku nyingi. Mmarekani George Westinghouse alipata hataza ya breki ya upepo ya treni mwaka 1869, na haikuchukua miaka mingi akaugeuza mpango wake mwenyewe: badala ya upepo kuleta breki, kupotea kwa upepo ndiko kulete breki. Kwa hiyo lori lenye afya, likiishiwa upepo, linagoma kutembea.

Sasa kugoma huko ndiko tajiri, mwenye gari, asikokutaka. Gari limejifunga njiani kuelekea Lwamgasa, limejaa mawe, na simu ya tajiri haikauki. Anaitwa fundi wa gereji bubu. Watengenezaji wa busta waliweka boliti ndefu ya kuirudisha springi nyuma, ili gari bovu liweze kuvutwa na fundi asiuawe na springi wakati wa kufungua kopo. Fundi wetu anaingiza boliti hiyo, anakaza, springi inarudi ndani, gari linatembea. Anafunga hosi iliyopasuka kwa mpira wa chubu, anapewa ya soda, anaondoka. Boliti inabaki humohumo hadi msimu mwingine wa mvua. Kuanzia hapo gari linategemea upepo peke yake kusimama, na upepo ndio uliokuwa haba tangu mwanzo.

Boliti hiyo inaonekana kwa macho, Afande. Imechomoza nyuma ya kopo. Lakini inaonekana na mtu aliyeinama.

Najua ovaroli inaweza kukwama kwenye bajeti. Basi kuna kipimo kisichochafua nguo. Niambie nijaze upepo hadi geji ifike baa 8, nizime injini, nikanyage breki na kuishikilia dakika nzima. Wewe sikiliza na kutazama geji tu. Kwa lori lisilo na tela, mshale ukishuka zaidi ya baa 0.2 kwa dakika, Marekani wanahesabu kuwa ni ubovu. Kisha niambie nipampu pedali mpaka upepo uishe. Kwenye baa 4 au 5 king'ora kinatakiwa kulia ndani ya kabini. Kisipolia, fuata waya wake, huenda ukaukuta umekatwa kwa sababu ulikuwa unaharibu muziki. Ukiwa na muda, mwambie utingo afungue koki za matenki. Yakitoka maji, hatujazifungua koki hizo siku nyingi. Yakitoka maji yaliyochanganyika na oili, kompresa inaaga.

Kazi hiyo haimalizi dakika kumi. Kuhesabu pembetatu kunachukua chini ya hapo, nakubali.

Usidhani nchi haina moyo wa kupima. Mizani tunazo, na sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari, ya mwaka 2016, tulianza kuitumia hapa Tanzania Machi 2019. Gari na mzigo wake visizidi tani 56, na kila ekseli ina kiwango chake. Lami inalindwa kwa kilo. Watu wanalindwa kwa stika.

Na ardhi yetu nayo inatusaidia kuficha. Kutoka Tinde hadi Kahama ni tambarare. Lori lenye breki za gurudumu moja linaweza kufika, likasifiwa. Siri inaanza kuvuja kwenye vilima vya Geita. Zamani, wa kwenda Mwanza walikuwa na mtihani mwingine pale Busisi: kushuka na mzigo hadi ndani ya kivuko, maji yakiwa mbele, utingo akikimbia ubavuni na kigingi mkononi. Hakuna aliyejidanganya kuhusu breki zake mahali pale. Tangu Juni 2025 tunapita darajani, kilomita 3 zilizonyooka. Daraja zuri sana. Mkaguzi pekee aliyekuwa hapokei stika kama jibu ameachishwa kazi.

Tarehe 24 Februari 2024, Ngaramtoni, Arusha, lori lililofeli breki liligonga magari mengine na watu 25 wakafa. Sina utani wa kuweka hapo. Naweza tu kukukumbusha kwamba wiki zilizofuata tulisimamishwa sana huku kwetu, na mtungi wangu wa kuzimia moto ulikaguliwa mpaka ukachubuka rangi.

Kwa hiyo ombi langu ni hilo. Saizi ya ovaroli utaitaja mwenyewe. Chaki nitaleta mimi.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Dereva wa marudio,
Kahama.

Nakala kwa:
Utingo, kwa utekelezaji wa koki.
Fundi, chini ya mwembe, kwa ajili ya kuzifuata boliti zake.
Tajiri, pamoja na bei ya daiframu nne na hosi mbili mpya, ambayo nilishamtumia kwa WhatsApp, na alama mbili za buluu zimetokea.