Dunia Lazima Ipasuke Kwanza

Anayejua kwa nini dunia lazima ipasuke ndipo niangalie filamu ya mama mkwe na mkamwana wake, anieleze. Filamu yenyewe haina mlipuko hata mmoja. Ni watu wanne kwenye sebule ya kuazima wanagombania nyumba ya marehemu, na maneno yao unayasikia nusunusu kwa sababu jirani wa pale walipopigia picha alikuwa anatwanga. Lakini kabla hujawafikia hao, msambazaji wa diski ana jambo lake.

Giza. Ngurumo. Nyota zinatawanyika. Tufe la dunia linakuja kwa kasi likizunguka, linasimama ghafla lilipofika Afrika, radi inalichapa, linapasuka. Kwenye moshi zinatoka herufi za dhahabu, moja moja, kila moja ikitua kwa mlio wa geti la chuma, mpaka jina la kampuni limetimia. Unadhani yamekwisha? Bado. Mwanga unapita juu ya herufi kutoka kushoto kwenda kulia, ching! Halafu namba za simu, sanduku la posta, na mtaa wa Kariakoo lilipo duka. Mimi nina sabufa. Mtoto niliyemlaza kwa taabu ameshaamka, na mama mwenye nyumba ameshagonga ukuta.

Nembo hizi zimeazima Hollywood bila kupiga hodi. Tufe la dunia ni la Universal, herufi za dhahabu na taa za kumulika angani ni za 20th Century Fox, wale wenye ngoma na tarumbeta alizotunga Alfred Newman mwaka 1933. Sina ugomvi na kuazima. Ugomvi wangu ni kwamba hatukuazima hata lile la maana. MGM walichukua simba, na simba wao wa kwanza wa mwaka 1924, aliyeitwa Slats, alizaliwa katika bustani ya wanyama ya Dublin, Ireland. Huko wamepata simba! Sisi tuna Serengeti nzima, na bado tunapasua sayari ya kompyuta.

Tena enzi za VCD adhabu hii ilikuwa inatolewa mara mbili. Diski moja ya VCD inabeba dakika 74 tu au zaidi kidogo, kwa hiyo filamu ikizidi hapo, au ikivutwa makusudi mpaka izidi, inakuwa sehemu ya kwanza na ya pili. Sehemu ya kwanza inakwisha mama mkwe kainua mkono, kofi liko hewani. Sebule nzima imenyamaza. Unachomoa diski, unaifuta ya pili kwa upindo wa shati, unaisukuma ndani ya deki, roho juu. Ngurumo! Nyota! Dunia inakuja tena kupasuka, wakati kofi linasubiri. Likija kutua, hamu imeshapoa, na shemeji ameshakwenda kuchota maji.

Nikasema basi, DVD imekuja, tutapumua. Kumbe DVD inaweza kuwekewa amri ndani yake inayoizuia deki kuruka kipande fulani. Unabonyeza rimoti, pembeni ya kioo kinatokea kialama cha kukukatalia. Unabonyeza kwa nguvu zaidi, kana kwamba rimoti ni kiziwi. Kialama kilekile. Baada ya nembo linakuja onyo kwa herufi nyekundu: kunakili kazi hii ni wizi, utashtakiwa. Mimi huyo nimenunua halali, kava lina ile stempu ya kodi ya TRA waliyoanza kuidai mwaka 2013, nimelipa bei waliyonitajia, na ndiye ninayekalishwa chini na kutishiwa jela. Aliyenunua feki kwa machinga stendi anasukuma diski yake na mama mkwe anatokea hapohapo, kwa sababu aliyenakili alikata hayo makorokoro yote. Hilo onyo linamfikia nani?

Siku hizi diski zimebaki kuokota vumbi, watu wanaangalia YouTube na chaneli ya Sinema Zetu. Nikadhani nembo nazo zimekufa. Wapi! Zimehamia kwenye harusi.

Majuzi tumeletewa video ya harusi ya mpwa wangu, kwenye flashi. Ukoo mzima umejipanga sebuleni, bibi yake bi harusi kapewa kiti cha mbele. Ngurumo. Dunia ikaja, ikachapwa radi, ikapasuka, likatoka jina la mpiga video kwa herufi za dhahabu. Bibi akasema astaghfirullah na kujifunika khanga. Tukamtuliza. Lakini bwana yule hakuondoka. Jina lake na namba yake ya simu vikashuka chini ya picha vikakaa hapo, vikipita taratibu kutoka kulia kwenda kushoto, wakati wa nikahi, wakati wa keki, vikapita juu ya kidevu cha mama mtu alipokuwa analia. Sura ya shehe tuliiona kwa sekunde mbili. Namba tuliiona usiku kucha.

Kesho yake asubuhi bibi akamwambia mjukuu ampigie ile namba. Alikuwa ameihifadhi kichwani. Akaikamata simu, akasalimia vizuri, kisha akauliza, "Samahani mwanangu, naona wewe ndiye mkubwa wa shughuli ile. Hivi wewe ni wa upande wetu au wa bwana harusi?"